Kemikali za kuzuia moto, mama mjamzito na mtoto mchanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mama mjamzito akisikia kwamba kochi analokalia lina kemikali inayoweza kumfikia mtoto aliye tumboni, jambo la kwanza kumjia huwa ni kujilaumu. Nimekula nini? Nimekaa wapi? Kwa nini sikujua? Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya mama huyo, na kwa baba, bibi na mkunga wanaomsaidia. Kemikali hizi hakuna mzazi aliyezichagua. Ziliwekwa kiwandani, na mara nyingi ziliwekwa kwa sababu sheria ilitaka hivyo.

Kemikali za kuzuia moto ni zipi?

Ni kundi kubwa la kemikali zinazochanganywa kwenye sponji, plastiki na vitambaa ili vichelewe kushika moto. Zilizochunguzwa zaidi kwa wajawazito ni zile zenye bromini ambazo kwa kifupi huitwa PBDE. Umbo lake ni pete mbili za kaboni zilizounganishwa na atomu moja ya oksijeni, na kuzunguka pete hizo zimepachikwa atomu za bromini, kuanzia 1 hadi 10. Ukihesabu kila namna bromini hizo zinavyoweza kupangwa, unapata aina 209.

Viwandani ziliuzwa kama michanganyiko mitatu. Penta ilikwenda kwenye sponji ya makochi, magodoro na viti vya magari. Okta ilikwenda kwenye plastiki ngumu. Deka ilikwenda kwenye maganda ya runinga na kompyuta, na pia ilipakwa upande wa nyuma wa baadhi ya vitambaa. Ukikumbuka jina moja tu, kumbuka penta, maana aina zilizomo ndani yake ndizo zinazopatikana zaidi katika damu ya mama na ya mtoto.

Pembeni ya hizo kuna zenye fosforasi, kama TDCPP, ambazo zilichukua nafasi kubwa baada ya PBDE kuanza kuondolewa. Nazo tutazifikia.

Nani aliamua ziwekwe kwenye samani za nyumbani?

Kwa sehemu kubwa, ni jimbo moja la Marekani. Mwaka 1975 California ilianza kutumia kanuni iliyojulikana kama TB 117, iliyotaka sponji tupu, bila kitambaa juu yake, istahimili mwali mdogo kwa sekunde 12. Njia rahisi ya kufaulu jaribio hilo ilikuwa kuchanganya kemikali kwenye sponji. Kwa kuwa soko la California ni kubwa, watengenezaji wengi waliona heri kuitengeneza samani yote kwa kipimo hicho hicho, na hivyo kanuni ya jimbo moja ikaingia katika nyumba za Amerika Kaskazini nzima. Kiasi hakikuwa kidogo: penta ilifikia kati ya asilimia 3 na 5 ya uzito wa sponji. Kochi lenye kilo 10 za sponji laweza kubeba hadi nusu kilo ya kemikali.

Dalili za hatari zilikuwepo mapema. Mwaka 1973 huko Michigan, magunia ya kemikali ya kuzuia moto inayoitwa PBB yalipelekwa kimakosa mahali pa kirutubisho cha chakula cha mifugo. Kemikali ikaingia kwenye maziwa, nyama na mayai, na ng'ombe wapatao 30,000 wakauawa. Miaka mingi baadaye, wasichana waliozaliwa na mama waliokuwa na PBB nyingi mwilini, kisha wakanyonyeshwa, walionekana kuvunja ungo mapema kuliko wenzao. Na mwaka 1977 wanasayansi Arlene Blum na Bruce Ames walionyesha kwamba kemikali iliyokuwa ikitiwa kwenye nguo za watoto za kulalia iliweza kubadili vinasaba, kwa hiyo huenda ikaleta saratani. Mwaka huo huo Marekani iliipiga marufuku kwenye nguo hizo.

Nayaeleza haya kwa sababu watu huambiwa kwamba hatari ya kemikali hizi ni habari mpya. Onyo limekuwepo kwa karibu nusu karne.

Sijawahi kushika kemikali yoyote. Zinaniingiaje mwilini?

Kwa vumbi. Hili ndilo jibu ambalo watu wengi hawalitarajii.

PBDE hazikufungwa ndani ya sponji wala plastiki. Zimechanganywa tu, kama chumvi kwenye unga. Kadiri kochi linavyokaliwa, linavyozeeka na kupata joto, kemikali hutoka kidogo kidogo na kushikamana na vumbi la ndani. Vumbi hutua mezani, sakafuni na kwenye nguo, halafu huhamia mikononi. Kutoka mkononi hadi mdomoni ni hatua moja: unakula bila kunawa, unagusa midomo, unamlisha mtoto. Chembe nyingine ndogo huvutwa pamoja na hewa.

Njia ya pili ni chakula. Kemikali hizi hupenda mafuta, kwa hiyo hujikusanya kwenye samaki wenye mafuta, nyama na maziwa. Ila pale ambapo samani zilijazwa penta, vumbi limekuwa mlango mkubwa kuliko chakula.

Zikishaingia, muda wa kukaa hutofautiana. Aina ya deka, yenye bromini 10, nusu yake huondoka kwenye damu kwa wiki mbili hivi. Ile iitwayo BDE-47, iliyokuwa nyingi ndani ya penta, huchukua karibu miaka 2, na BDE-153 huzidi miaka 6. Ndiyo maana mama huingia kwenye ujauzito akiwa na akiba aliyoikusanya tangu zamani, hata kama miezi hiyo tisa hakuongeza kitu.

Kondo la nyuma halizizuii?

Halizizuii. Kondo huchuja vitu vingi, lakini vitu vinavyopenda mafuta hupita.

Mwaka 2001 watafiti huko Indianapolis, Marekani, walichukua damu ya mama 12 waliokuwa wakijifungua, pamoja na damu ya kitovu ya watoto wao. Damu ya mama ilikuwa na PBDE kati ya nanogramu 15 na 580 kwa kila gramu ya mafuta ya damu. Ya watoto ilikuwa kati ya 14 na 460. Nanogramu moja ni sehemu ya bilioni ya gramu, kwa hiyo ni kiasi kidogo mno ukikitazama kwa jicho la jikoni. Lakini tazama jinsi namba hizo mbili zinavyofuatana: mwenye nyingi alizaa mtoto mwenye nyingi, mwenye chache alizaa mwenye chache. Ukipima damu ya mama wakati wa kujifungua, karibu umeipima ya mtoto.

Aina zenye bromini chache hupita kwa urahisi zaidi kuliko zile nzito kama deka.

Utafiti huo haukuona uhusiano kati ya kemikali na uzito wa mtoto wakati wa kuzaliwa. Watu 12 ni wachache sana kumaliza hoja hiyo, na sipendi kuona utafiti huo ukitajwa kama ushahidi wa usalama, wala wa madhara. Ulichothibitisha ni jambo moja tu: kwamba zinafika.

Kwa nini viwango vinatofautiana sana kati ya nchi na nchi?

Kwa sababu sheria zilitofautiana. Damu ya mama na watoto wa Indianapolis ilikuwa na PBDE mara 20 hadi 106 zaidi ya ile iliyopimwa Sweden kwa watu wanaofanana nao. Miili ya watu wa nchi hizo mbili haitofautiani hivyo. Makochi yao ndiyo yaliyotofautiana.

Sweden yenyewe ndiyo iliyotangulia kupiga kengele. Watafiti wa huko walikuwa wamehifadhi sampuli za maziwa ya mama kutoka Stockholm za miaka mingi. Walipozipima walikuta kwamba kati ya 1972 na 1997 kiwango cha PBDE kilikuwa kikiongezeka maradufu kila baada ya miaka 5 hivi, wakati sumu nyingine za zamani, kama zile za familia ya DDT, zilikuwa zikipungua. Baada ya viwanda vya Ulaya kuanza kuachana na penta, mstari ule uligeuka na kushuka.

Sehemu ambazo taka za kielektroniki huvunjwa na kuchomwa ni habari nyingine. Huko Guiyu, China, watoto wachanga walikutwa na PBDE nyingi kwenye damu ya kitovu kuliko watoto wa eneo la jirani ambako kazi hiyo haikufanywa.

Zinaweza kumdhuru mtoto kwa njia gani?

Hofu kubwa iko kwenye ubongo, na njia inayochunguzwa zaidi hupitia tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya shingo.

Tezi hii hutengeneza homoni iitwayo thairoksini. Ukichora molekuli ya thairoksini utaona pete mbili za kaboni zilizounganishwa na oksijeni, na atomu 4 za iodini pembeni. Sasa rudi juu usome tena maelezo ya PBDE: pete mbili, oksijeni katikati, bromini pembeni. Zinafanana kama pacha wasiofanana sana. Mwili ukishaivunjavunja PBDE, baadhi ya mabaki yake huweza kujishika kwenye protini inayobeba thairoksini katika damu, na kuchukua kiti ambacho si chake.

Kwa mtu mzima mwili una namna ya kufidia. Kwa kijusi, hasa katika majuma ya mwanzo, hali ni nyingine. Tezi yake haianzi kutengeneza homoni hadi karibu na juma la 12, na hata hapo huchukua majuma mengine mengi kabla ya kujitosheleza. Kabla ya hapo hutegemea homoni ya mama. Na ni katika kipindi hicho chembe za ubongo huzaliwa, husafiri kwenda mahali pake na kuanza kuungana. Tunajua uzito wa homoni hii kutokana na jambo lisilobishaniwa: mama akikosa iodini kabisa, mtoto huweza kuzaliwa na ulemavu mkubwa wa akili.

Je, PBDE hushusha homoni ya mama mjamzito? Hapa tafiti hazisemi kwa sauti moja. Baadhi ziliona homoni ikipanda, nyingine ikishuka, nyingine hazikuona badiliko. Huenda pia ziko njia zisizopitia thairoidi, kwani katika maabara kemikali hizi zimeonekana kugusa chembe za neva moja kwa moja. Atakayekuambia kwamba mlolongo mzima umeshaeleweka, amekimbilia mbele ya ushahidi.

Watoto waliofuatiliwa walionekana na nini?

Ziko tafiti kadhaa zilizopima kemikali kabla ya mtoto kuzaliwa, kisha zikamfuatilia akikua. Tatu ndizo zinazotajwa sana.

Ya kwanza ilianza New York na wanawake waliokuwa wajawazito wakati wa shambulio la Septemba 11, 2001. Damu ya kitovu ya watoto 210 ilipimwa. Waliokuwa na PBDE nyingi zaidi walipata alama za chini katika vipimo vya ukuaji wa akili na mwili, tangu umri wa mwaka mmoja hadi miaka 6.

Ya pili ni ya bonde la Salinas, California, katika familia za wafanyakazi wa mashambani, wengi wao wenye asili ya Meksiko. Damu ya mama ilipimwa wakati wa ujauzito, na watoto wakapimwa walipofika miaka 5 na 7. Kiwango kikubwa kwa mama kiliambatana na ugumu wa kutulia na kuzingatia, mikono isiyo myepesi katika kazi ndogondogo, na alama za chini za akili.

Ya tatu ni ya Cincinnati. Mama 309 walipimwa karibu na juma la 16 la ujauzito. Kila kiwango cha BDE-47 kilipokuwa mara 10 zaidi, alama za akili za mtoto akiwa na miaka 5 zilikuwa chini kwa pointi 4.5 kwa wastani, na dalili za kutotulia zilikuwa juu. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2017, yaliyokusanya tafiti kadhaa pamoja, yalifikia namba ya karibu na hiyo: pungufu la pointi 3.7.

Ona kwamba miji ni mitatu, familia zenye maisha tofauti kabisa, na vipimo vilifanywa na watafiti mbalimbali, lakini mwelekeo ni mmoja. Hilo ndilo linalonifanya niamini kwamba kuna kitu hapa, ingawa tafiti za namna hii haziwezi zenyewe kuthibitisha kwamba kemikali ndiyo iliyosababisha. Watafiti huzingatia elimu ya mama, kipato, risasi katika damu, uvutaji sigara na mengineyo, lakini hakuna anayeweza kuzingatia yote.

Pointi nne za akili. Je, mwanangu atashindwa shule?

Hapana, na tafadhali usiisome namba hiyo hivyo. Ni wastani wa kundi. Kwa mtoto mmoja, pointi 4 ni tofauti ndogo kuliko ile inayoweza kutokea akipimwa siku mbili tofauti, moja amelala vizuri na nyingine ana mafua. Pia ni tofauti kati ya mama mmoja na mwingine mwenye kiwango mara 10 zaidi, ambayo ni nafasi kubwa.

Namba hiyo ina uzito kwa taifa. Wastani wa watoto wote ukishuka kidogo, idadi ya wanaohitaji msaada maalumu darasani huongezeka sana. Kwa hiyo ni hoja ya kumpelekea mtunga sheria. Usiibebe kitandani usiku ukimtazama mtoto wako.

Nipimwe damu nikiwa mjamzito?

Sishauri. Kipimo hiki hufanywa katika maabara za utafiti, hakina kiwango kinachosema "hapa ni salama, hapa ni ugonjwa", na hakuna dawa ya kuitoa PBDE mwilini. Utabaki na namba na wasiwasi. Jihadhari pia na wanaouza dawa za "kusafisha sumu". Mama mjamzito akijilazimisha kupunguza uzito au kufunga ili atoe sumu, anaweza kuyayeyusha mafuta yenye kemikali hizo na kuzirudisha kwenye damu, wakati mtoto anahitaji chakula.

Lenye faida zaidi ni kuuliza kliniki kuhusu iodini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mikrogramu 250 kwa siku kwa mjamzito. Tezi yenye iodini ya kutosha ina nguvu zaidi ya kuhimili chochote kinachoisumbua. Usijinunulie vidonge kwa kukisia, kwani iodini nyingi kupita kiasi nayo hudhuru tezi.

Kemikali zimo kwenye maziwa yangu. Niache kunyonyesha?

Usiache. Nyonyesha.

Ni kweli zimo. Tumeziona Sweden, na Amerika Kaskazini zilikuwa nyingi zaidi. Lakini maziwa ya mama humkinga mtoto na kuhara na vichomi, hujenga ubongo wake, na hakuna mamlaka ya afya inayowashauri mama kwa ujumla waache kunyonyesha kwa sababu ya PBDE. Ushauri wa Shirika la Afya Duniani umebaki pale pale: maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha kuendelea pamoja na vyakula vingine hadi miaka 2 au zaidi. Madhara ya ubongo yaliyoelezwa hapo juu yamehusishwa zaidi na kipindi cha ujauzito.

Maziwa ya mama yalitumika kama sampuli kwa sababu ni rahisi kuyapata na yana mafuta. Imekuwa bahati mbaya kwamba habari nyingi ziliandikwa kana kwamba maziwa yenyewe ndiyo tatizo.

Nifanye nini nyumbani?

Anza na mikono. Kunawa kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kumlisha mtoto ni hatua nyepesi kuliko zote, na ina ushahidi: utafiti mdogo uliofanywa New York kwa kina mama ulionyesha kwamba kunawa mara nyingi zaidi na kusafisha nyumba kulipunguza kemikali za kuzuia moto mikononi mwao ndani ya siku chache tu.

Halafu vumbi. Kufagia kukavu hulirusha hewani, likatua tena baada ya saa moja. Futa meza, rafu na nyuma ya runinga kwa kitambaa chenye maji, na piga deki badala ya kufagia pale inapowezekana. Ukiwa na kifyonza vumbi, chenye kichujio cha HEPA, yaani kinachonasa hata vumbi laini sana, ni bora. Fungua madirisha. Na kama kuna mtu mwingine nyumbani, kazi ya kukung'uta makochi na mapazia iwe yake kwa miezi hii. Kina baba, hapo ndipo mahali penu.

Usilale wala kumlaza mtoto juu ya sponji iliyo wazi. Kitambaa cha kochi au cha godoro kikichanika, kishone au ukifunike vizuri, kwa kuwa sponji kuukuu humeguka na kuwa unga.

Kuhusu chakula, kubana mafuta ya nyama na kubadilisha aina za samaki husaidia kidogo. Usiache samaki kabisa. Ubongo wa mtoto unamhitaji.

Nitupe kochi na godoro langu la zamani?

Si lazima. Watu wengi hawana uwezo huo, na kulihamisha kochi bovu huku mama mjamzito akiwa chumbani kunaweza kuamsha vumbi zaidi ya kuliacha. Ukipata nafasi ya kununua jipya, tafuta lebo. Tangu mwaka 2015 samani zinazouzwa California hulazimika kuonyesha kama zimeongezwa kemikali za kuzuia moto au la, na lebo hiyo huonekana hata kwenye samani zinazosafirishwa mbali. Kazi ya kung'oa sponji ya zamani na kuweka mpya nyumbani asiifanye mjamzito, wala isifanywe chumba anacholala.

Nimesoma kwamba vijiko na miiko ya plastiki nyeusi ni sumu. Kweli?

Ni kweli kwa sehemu. Plastiki nyeusi wakati mwingine hutengenezwa kwa maganda ya runinga na kompyuta yaliyoyeyushwa upya, na kemikali huhama nayo. Mwaka 2024 ulitoka utafiti uliozipata katika vyombo vya jikoni na midoli, na habari ikasambaa kwamba kiwango cha deka mtu anachoweza kukipata kwa siku kinakaribia kile cha hatari. Kulikuwa na kosa la hesabu katika kikomo cha siku: nanogramu 7,000 kwa kila kilo ya mwili, mara 60 kwa mtu wa kilo 60, iliandikwa 42,000 badala ya 420,000. Waandishi walisahihisha baadaye. Kwa hiyo makadirio yao ya nanogramu 34,700 kwa siku yalikuwa chini ya sehemu ya kumi ya kikomo.

Kemikali hizo hazikupaswa kuwemo kwenye mwiko hata kidogo, na ukibadilisha kwa mti au chuma umefanya vizuri. Ila usikeshe kwa ajili ya mwiko ukasahau vumbi la chini ya kitanda.

Si zilishapigwa marufuku?

PBDE, ndiyo. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku penta na okta mwaka 2004, na mwishoni mwa mwaka huo mtengenezaji wa Marekani akaacha kuzizalisha. Mkataba wa Stockholm uliziingiza kwenye orodha ya kemikali za kuondolewa duniani mwaka 2009, na deka ikafuata 2017. California iliibadilisha kanuni yake: tangu 2015 samani hupimwa kwa moto unaofuka, kama wa sigara, na sponji inaweza kufaulu bila kemikali.

Na imesaidia. Huko San Francisco, wajawazito waliopimwa mwaka 2011 na 2012 walikuwa na PBDE pungufu kwa karibu theluthi mbili kuliko waliopimwa miaka mitatu kabla yao. Sijui habari njema zaidi katika suala hili zima. Inaonyesha kwamba damu ya mama husikia sheria.

Yanabaki mambo mawili. Kochi hukaa miaka 20, hurithiwa, huuzwa mtumba, husafirishwa; marufuku ya kuzalisha haimfikii aliyelikalia. La pili linaniudhi zaidi: penta ilipoondoka, nafasi yake ilijazwa na kemikali nyingine ambazo hazikuwa zimechunguzwa vya kutosha. Mojawapo ni mchanganyiko uitwao FireMaster 550. TDCPP, ambayo watengenezaji wa nguo za watoto za kulalia waliiacha miaka ya 1970, ilirudi kwenye sponji. Mwaka 2011 watafiti walipochunguza bidhaa 101 za watoto zenye sponji, kama viti vya garini na mito ya kunyonyeshea, asilimia 80 zilikuwa na kemikali za kuzuia moto, na TDCPP ilikuwa ndiyo iliyopatikana zaidi. Hizi za fosforasi hutoka mwilini kwa mkojo baada ya saa au siku chache, tofauti na PBDE, lakini mtu anayezipata kila siku huwa nazo kila siku. Watoto wa Salinas wamechunguzwa kwa hizi pia, na baadhi yake zimehusishwa na alama za chini za akili wakiwa na miaka 7.

Bila kemikali hizi, si nyumba zitaungua zaidi?

Swali hili ni la haki, kwa kuwa moto unaua. Lakini katika moto halisi kitambaa cha kochi ndicho hushika kwanza, na mwali unaoifikia sponji huwa mkubwa kuliko ule wa jaribio la sekunde 12. Faida ikawa ndogo. Kemikali zenye bromini pia huongeza moshi na hewa ya sumu, na wengi wanaokufa katika moto wa nyumba huuawa na moshi. King'ora cha moshi kinachofanya kazi, na kutovuta sigara ndani, huokoa maisha bila kuacha kitu kwenye damu ya mtoto.

Mtoto wangu ameshazaliwa. Nimechelewa?

Hujachelewa. Watoto wa mwaka mmoja hadi mitatu mara nyingi huwa na kemikali hizi nyingi kuliko mama zao, kwa kuwa hutambaa kwenye vumbi na kila kitu hukipeleka mdomoni. Yote yaliyosemwa juu ya mikono na deki sasa yana maana zaidi: mnawishe kabla ya kula, osha midoli, na futa sakafu mahali anapochezea. Mtoto akionekana kuchelewa kuzungumza au kutembea, mpeleke kliniki kama ambavyo ungefanya kwa sababu nyingine yoyote. Daktari atamsaidia kwa namna ile ile, chanzo kiwe hiki au kingine.

Mume wangu ni fundi wa makochi. Kuna tahadhari zaidi?

Ndiyo, na inawahusu pia wanaovunja kompyuta na runinga za zamani, na wanaokata au kuuza sponji. Avue nguo za kazi kabla ya kuingia ndani, zifuliwe peke yake, aoge kabla ya kumkumbatia mtoto, na viatu vibaki mlangoni. Mabaki ya sponji na nyaya yasichomwe karibu na nyumba. Kuyachoma huzalisha sumu mbaya kuliko zile zilizokuwemo. Na kama fundi ni mama mwenyewe, na ana mimba au anaitafuta, kazi ya kuchana sponji kuukuu na kufungua mashine aiombee mtu mwingine tangu sasa, bila kungoja tumbo lionekane.